Mjumbe wa Kidevuni

Alhamisi iliyopita, saa nane mchana, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, Swaumu Mrisho alilaza kichwa juu ya meza yake ya kazi akaota kwamba chuma chake cha kulehemu kinakohoa.

Kabla sijaeleza kilichofuata, mjue kwanza. Swaumu ni fundi simu pale Singida mjini. Ana miaka thelathini na tisa, mikono isiyotetemeka, na uso uliojaa chunusi. Si zile za ujana zinazokuja na kuondoka. Hizi zilimwanza akiwa na miaka thelathini na tatu. Zilishika mashavu, zikashuka kidevuni, na nyingine zilikuwa ngumu kama choroko iliyofichwa chini ya ngozi. Wateja walimpa simu zao pamoja na ushauri: sugua limau, paka asali, acha karanga, olewa. Alijaribu vyote isipokuwa cha mwisho, na hicho nacho alikuwa amekijaribu zamani.

Ana pacha wake, Idi. Swaumu alizaliwa siku ya mwisho ya mfungo, jua halijazama. Idi alitoka baada ya mwezi kuandama, ikiwa tayari ni sikukuu, na ndiyo maana wakaitwa hivyo. Idi ni mwalimu wa michezo na refa wa mpira. Ni mwembamba, mwepesi, anapanda ngazi mbilimbili. Ngozi yake haijawahi kuota chochote.

Baba yao, Mzee Mrisho, alifariki wao wakiwa na miaka kumi na mitano. Alirudi kutoka kazini, akainama mlangoni kuvua viatu, akavua kimoja. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Watu walisema ni moyo, wakaishia hapo.

Sasa asubuhi ya Alhamisi hiyo, Swaumu alikuwa ametoka hospitali kuchukua majibu ya damu. Daktari wa ngozi, mama mmoja mtaratibu aitwaye Theresia, alikuwa amempima kwa sababu vidonge alivyotaka kumwanzishia vinaweza kupandisha mafuta kwenye damu, na lazima yajulikane yamefika wapi kabla ya kumeza cha kwanza.

"Lehemu yako iko juu," daktari alisema.

"Lehemu?" Swaumu aliuliza. Dukani anayo rola nzima, waya laini wa kuyeyusha anaoungia vifaa vya simu.

"Kolesteroli. Kwa Kiswahili tunaiita lehemu. Kuna nzuri na kuna mbaya. Yako mbaya imezidi, na si kwa kidogo."

"Ndiyo inayoniletea chunusi?"

"Wapo waliowapima wenye chunusi wakaikuta imepanda kuliko kwa wengine. Wapo waliopima wasione tofauti. Sitakudanganya kwamba jambo hilo limekwisha kujulikana. Ninachojua ni kwamba nimekupima kwa ajili ya uso, nikakuta habari ya moyo. Baba yako yupo?"

"Alifariki."

"Akiwa na umri gani?"

"Arobaini na moja."

Daktari aliweka kalamu chini. "Waambie ndugu zako wa damu waje wapime. Waje asubuhi, wamefunga."

Ndugu wa damu alikuwa mmoja tu. Swaumu alifikiri namna Idi atakavyocheka, yeye na mbio zake na tumbo lake lililoshikana na mgongo, akaona habari hiyo inaweza kusubiri mpaka shule zifungwe. Alirudi dukani, hakula, akatengeneza simu mbili. Umeme ukakatika. Akalala.

Chuma kilikohoa tena.

"Umeme hakuna," Swaumu alikiambia.

"Najua. Nimepata moto bila umeme. Usiniguse ncha."

"Nani amekuwasha?"

"Umeitwa," chuma kilisema. "Ndugu zako wa damu wako kwenye kikao tangu asubuhi."

"Nina ndugu mmoja wa damu, na saa hizi yuko shuleni."

"Huyo ni wa nje. Mimi nawasema wanaoishi humo ndani."

Hapo ndipo kidevu chake kilipozungumza. Ilikuwa ile chunusi kubwa ya upande wa kushoto, iliyokaa miezi mitatu bila kuiva wala kupona.

"Samahani kwa kuingilia," ilisema. "Mimi ndiye mjumbe."

"Mjumbe wa nini?"

"Wa nyumba kumi. Vitundu kumi vya kidevu, kuanzia chini ya mdomo mpaka kwenye kovu la tetekuwanga."

Swaumu alishtuka. Hakushtuka kwa sababu chunusi inasema. Alishtuka kwa sababu ilikuwa na sauti ya mtu wa ofisini, mtu aliyekaa muda mrefu bila kujibiwa.

"Nimekuletea barua miaka sita," mjumbe aliendelea. "Ya kwanza uliijibu kwa limau. Ya pili uliikamua kabla ya kuisoma. Ya mwezi uliopita ukaipaka dawa ya meno. Nilinuka mnanaa siku tatu, wananchi wangu wakanicheka."

"Barua za nani?"

"Sijui. Mjumbe hafungui bahasha. Zinatoka ndani, nami nazifikisha mlangoni. Wengine wanasema kazi yangu na lehemu havihusiani kabisa. Inawezekana, utafiti haujaisha. Lakini leo bahasha zimekuwa nyingi, mlango hautoshi. Afadhali uende mwenyewe. Vuta droo ya bisibisi."

Swaumu anavuta droo. Bisibisi hakuna. Kuna korido ya hospitali yenye mabenchi huku na huku, na sakafu yake ni nyekundu, ya vuguvugu, inabonyea chini ya miguu. Kila baada ya muda mfupi sakafu yote inaruka kidogo, kisha inatulia.

"Ni moyo," mjumbe alisema. "Utauzoea."

Mwisho wa korido kuna meza. Nyuma ya meza ameketi karani, na karani huyo ni sindano. Amevaa miwani. Ameketi wima kabisa kwa sababu hawezi kujikunja.

"Umefunga?" sindano aliuliza.

"Nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Nimefunga kula. Sijala tangu jana."

Sindano alisogeza karatasi karibu na miwani. "Hapa imeandikwa aje amefunga. Kula hakukutajwa. Funga."

Swaumu anafunga vifungo vya blauzi mpaka shingoni. Anafunga zipu ya mkoba. Anafunga kamba za viatu, anafunga kilemba upya. Sindano anamtazama tu.

"Bado kuna kilicho wazi."

Swaumu anafunga mdomo.

"Jina?"

"Swaumu Mrisho," alijibu huku midomo imebanana, na sauti ikatoka safi kuliko siku zote.

"Swaumu." Sindano aliandika polepole. "Kumbe umefunga tangu kuzaliwa. Ungesema mapema usingetuchelewesha. Pita."

Alipopita, korido ilikuwa imekuwa barabara. Pande zote mbili kulikuwa na watu wafupi wa njano, wamelowa mafuta, hawana haraka. Wengine walikuwa wanashuka na mkondo. Wengine, wachache, walikuwa wanapanda kurudi walikotoka, kila mmoja amembeba mwenzake mgongoni kama mgonjwa.

"Hao wanaobeba ni lehemu nzuri," mjumbe alimnong'oneza. "Wanawapeleka wenzao kwenye ini."

"Na wabaya?"

"Sisi hapa," walisema wale wengine, wote kwa pamoja. "Karibu sana. Ungependa kukaa?"

Walikuwa wapole mno. Mmoja aliondoka alipokuwa amesimama, akampangusia nafasi kwa kiganja.

"Mbona hamna ubaya wowote?" Swaumu aliuliza.

"Ubaya wetu ni kuketi," alijibu yule aliyempangusia. "Tukiketi hatuinuki."

Swaumu alitazama ukutani, na hapo akapandwa na hasira ya kifundi. Ukuta wote ulikuwa umelehemiwa. Mabonge ya njano yalikuwa yameganda juu ya mabonge ya jana, mengine yametanda utando kama mchuzi uliolala, na njia katikati ilikuwa imebaki nyembamba. Yeye maisha yake yote anawaambia watu kwamba lehemu inataka tone tu, tone moja, pale panapohusika. Ukizidisha, umeua simu.

"Mnaziba nini hapa?"

"Hatuzibi kitu."

"Palipasuka wapi?"

"Labda palichubuka. Mmoja akaketi. Sisi tukamfuata."

"Fundi wenu ni nani?"

Walitazamana. "Hakuna fundi," walisema. "Tunashuka tu, tunashikana."

"Basi acheni. Tokeni."

"Kwa mlango gani?" aliuliza mmoja, bila ujeuri, kama anayetaka kujua kweli. "Huyu mjumbe wako ana mlango wa kupita barua. Sisi hatuenei hapo."

Mmoja wa wale wabebaji alisimama kidogo, akamtua mwenzake, akajinyoosha mgongo. "Tungeweza kuwaondoa baadhi," alisema. "Tatizo tuko wachache. Wewe kutwa umekaa mezani. Na chipsi unaagiza za pili kabla hujamaliza za kwanza. Tunaona."

Ilikuwa kweli, na aliyesema alikuwa amelowa jasho.

"Halafu kikao hakijatimia," mbebaji aliongeza. "Ndugu mmoja wa damu hajafika."

"Idi? Idi hana shida. Anakimbia kila siku. Ukimwona unaweza kumhesabu mbavu."

Wanaoshuka walisimama, wanaopanda walisimama. Sakafu, iliyokuwa ikiruka kwa mpangilio, ilichelewa mara moja, kisha ikaruka.

"Mpelekeni akaone," mtu alisema, na Swaumu hakujua ni nani.

Hakuna aliyempeleka. Alipiga hatua moja mbele, na hatua hiyo ikakanyaga nyasi. Ni uwanja wa mpira wa shule anayofundisha Idi. Anaujua, amewahi kuleta maji pale. Ila anga la uwanja si anga. Ni ngozi, safi, laini, imevutwa kutoka goli hadi goli kama shuka jipya, haina tundu hata la kupitisha sindano.

Chini ya anga hilo wameketi watu wa njano.

Wameketi kila mahali. Wameketi kwenye mistari ya pembeni, wameketi ndani ya magoli, wameketi mabegani mwa waliokwisha kuketi. Aliowaona kwake walikuwa kijiji, hawa walikuwa wilaya. Wabebaji walikuwepo wanne au watano hivi, wanakimbia kwa bidii, lakini uwanja ulikuwa umejaa hata hawakuwa na pa kukanyaga.

Swaumu alijishika kidevu, akatazama huku na huku.

"Mjumbe wao yuko wapi?" aliuliza.

Mjumbe wa kidevuni alitazama juu. "Huku hakuna mjumbe," alisema. "Hii ngozi haijawahi kuota."

Katikati ya uwanja, pale mpira unapoanzia, palikuwa na mlango umesimama peke yake bila nyumba. Ndani ya fremu alikuwa ameinama mtu, mguu mmoja peku, mikono yote miwili imeshika kisigino cha kiatu cha pili.

"Shikamoo, baba," Swaumu alisema.

"Marahaba, Swaumu. Umekuwa mtu mzima."

"Nina miaka thelathini na tisa."

"Mimi bado arobaini na moja."

"Mbona hujamaliza kuvua?"

"Hiki kinagoma. Nimekivuta miaka ishirini na minne."

Swaumu alichutama amsaidie. Baba alisogeza mguu. "Usishike," alisema kwa upole. "Ukishika utabaki hapa. Niambie, Idi sasa ana miaka mingapi?"

"Baba, sisi ni mapacha."

"Najua ni mapacha. Nataka uitaje mwenyewe."

"Thelathini na tisa."

Mzee Mrisho aliachia kiatu kwa mara ya kwanza. Alikunjua kidole kimoja, akakunjua cha pili, akavitazama, akavikunja tena.

"Ngozi yake ikoje?"

"Laini. Watu wanamsifia."

"Mama yenu naye alikuwa ananisifia. Alisema nina uso wa mtoto mchanga." Alirudi kwenye kiatu chake. "Hakuna aliyenipima. Nilikuwa naonekana mzima mno."

Swaumu aliwageukia wale walioketi. Hakupandisha sauti.

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Tungemwambia kwa mdomo gani?" aliuliza aliyekuwa karibu. "Hatuna mdomo kwake. Hatumuumi. Akikimbia tunakaa kimya, akilala tunakaa kimya."

"Hata dalili moja?"

Walinong'onezana. Mnong'ono ulisafiri mpaka golini ukarudi.

"Tumeandika kitu," alisema yule wa karibu. "Herufi moja. Kona ya jicho la kushoto, upande wa pua. Tumeandika kwa njano, ndiyo rangi tuliyo nayo."

"Mmeandika nini?"

"Hatujui kusoma. Tumeandika tu."

"Na yeye ameiona?"

"Ameiona. Jumatatu aliisugua kwa sabuni ya mche, pale kwenye bomba la shule, nyuma ya stoo ya mipira. Alitusugua sana. Hatukufutika."

Swaumu anataka kuuliza umebaki muda gani. Anafungua mdomo, na anakumbuka kwamba alikuwa ameufunga. Filimbi inalia. Watu wote wa njano wanajaribu kuinuka kwa heshima ya refa, na hakuna hata mmoja anayeweza.

"Nenda," baba alisema bila kuinua kichwa. "Usinisubiri."

Filimbi ililia tena, karibu zaidi.

Swaumu aliinua kichwa. Shavu lilikuwa limenata kwenye meza. Umeme ulikuwa umerudi, feni inazunguka, na upande wa pili wa kaunta alikuwa amesimama Idi, filimbi mdomoni.

"Dada," alisema akiitoa, "ukilala namna hii utaibiwa simu za watu wote."

Alikuwa anatoka shuleni, bado na viatu vya mpira. Alitaka kujua kama kioo cha simu yake kimepatikana. Akaanza kueleza jinsi ilivyoanguka, mara ya tatu sasa anaeleza, na katikati ya maelezo akagundua kwamba dada yake hasikilizi.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Sogea."

"Nini?"

"Sogea kwenye taa."

Idi aliinama juu ya kaunta, anatabasamu. Swaumu aligeuza taa yake ya kazi, ile anayotumia kutafuta nyufa zisizoonekana, akaielekeza usoni mwa ndugu yake. Uso ulikuwa safi. Hakuna kipele, hakuna doa. Isipokuwa kwenye kona ya jicho la kushoto, upande wa pua, ambako palikuwa na kitu kidogo cha njano, kama punje ya mchele iliyolala chini ya ngozi. Walikuwa wamekula pamoja Jumapili na hakukiona.

Alikigusa kwa ncha ya kidole. Kilikuwa bapa, laini, hakisogei.

"Hiyo?" Idi alisema. "Haiumi. Nilidhani ni uchafu. Nimeisugua mpaka jicho likawa jekundu, imegoma kutoka."

"Kwa sabuni ya mche," Swaumu alisema.

"Eh."

"Jumatatu. Kwenye bomba la nyuma ya stoo ya mipira."

Idi alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu uso wa dada yake ulikuwa umepauka mpaka chunusi zote zinahesabika. "Nilikuwa peke yangu pale," alisema. "Nani kakwambia?"

"Walioandika."

Idi alivuta stuli ya wateja akakaa. Habari ya kioo hakuitaja tena. Swaumu alizima taa, akachukua simu, akaanza kutafuta namba ya daktari.